Kona ya Chini Haikukauka

Shabani, na wewe Wairimu, mmenisumbua niandike kabla sijasahau, basi naandika. Shule niliiacha darasa la nne vita vilipofika kwetu Fizi, na Kiswahili hiki nilikimalizia kambini Kigoma, kwa hiyo msinisahihishe. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuvipata. Mshahara sitautaja kwa sababu nitatukana. Nitaandika habari za nyasi, za uma, na za watu wanaosimama nyuma ya kamba wakijua kila kitu.

Nimeacha kazi nikiwa na miaka hamsini na sita. Mgongo ndio ulioniacha, mimi sikuuacha. Miaka kumi na tisa nimetunza uwanja mmoja, huo mliorithi, hapo Nechells, Birmingham, kati ya maghala na reli. Nimeondoka na neno moja tu limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: watu wanasema fainali ya timu ya Korongo iliharibiwa na uwanja. Wakisema uwanja, maana yake ni mimi. Sikubali. Waliofanya nawajua kwa majina, na nitawataja.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani. Wakala aliyenipeleka aliniambia nivae vizuri, nami nikatii. Getini nilimkuta mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, buti za mpira mpaka magotini. Akanitazama miguu, akasema maneno ya Kiingereza nisiyoyaelewa hata moja. Nikajisemea kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, huyu naye anasema nini?"

Akanijibu kwa Kiswahili: "Mimi nasema viatu hii ya harusi. Bibi harusi iko wapi?"

Huyo ndiye Fundi Gurdev. Alizaliwa Nakuru, baba yake alikuwa fundi wa reli. Kiswahili chake kilivunjika kila mahali lakini hakikumzuia kukuamuru. Alikaa Sparkhill, na kila asubuhi alikuja na mfuko wa sambusa aliokula peke yake mpaka aone umefanya kazi.

Hakunipa mashine. Alinipa uma wa bustani, meno manne, mpini wa mbao uliong'aa kwa viganja vyake. Mwezi mzima niliushika huo tu. Unauchoma ardhini, unaukanyaga, unaulalia kidogo, unauchomoa, halafu unainama kutazama matundu. Maji yakipanda na kukaa, ardhi haijawa tayari, hata kama juu majani yanacheka. "Macho nadanganya," alikuwa akisema. "Buti nadanganya. Uma hapana."

Kila asubuhi aliniuliza swali moja: "Kona ya chini?" Hiyo ni ile kona ya kulia ukitazama ukuta wa ghala. Ardhi ya pale ni udongo wa mfinyanzi, na maji ya uwanja wote hushuka kujikusanya pale kama ndugu kwenye msiba. Nilipaswa kwenda na uma, kurudi, na kumwonyesha meno yake. Asubuhi moja kulikuwa na baridi, nikamjibu nikiwa nimeketi bandani: "Kavu, Fundi." Hakugomba. Alichukua kikombe changu cha chai, akakimwaga nje kwenye nyasi, akanirudishia kikombe. Tangu hapo sikumjibu tena nikiwa nimekaa.

Kuhusu mchanga alinifundisha hivi, na mlishike: mchanga ni poda. Mama akipaka poda, miaka haiondoki. Unamwaga mchanga mahali penye utelezi ili mtu asianguke, lakini chini yake maji yapo palepale, ila sasa huyaoni. Ukimwaga mchanga, weka na kamba, au simama hapo mwenyewe useme.

Tulikuwa uwanja wa kriketi. Halafu wakaja hawa Korongo wa mpira wa Kiaustralia, wakaomba Jumamosi, kwa sababu mchezo wao huchezwa kwenye uwanja wa mviringo kama yai na wa kwetu ulikuwa hivyo tayari. Watu kumi na wanane kila upande, mpira nao ni yai. Unaupiga kwa mguu au unaugonga kwa ngumi. Ukiudaka hewani ukiwa safi, wote wanasimama, unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Kila upande kuna nguzo nne. Ukipitisha kati ya zile mbili ndefu, alama sita. Ukipitisha pembeni, moja, ya kukufariji. Wanacheza robo nne, na kila robo wanabadilishana upande.

Siku ya kwanza ya kusimika nguzo niliweka ndefu nje na fupi ndani, maana niliona hivyo ndivyo linavyojengwa geti. Fundi Gurdev alicheka mpaka akashika kilemba. "Wewe natengeneza boma ya ng'ombe!" Nilizichimbua zote nane. Mnaponiona napima mara tatu kabla ya kuchimba, sababu ni hiyo.

Alipostaafu aliniachia uma. Baadaye akafa, nikaenda kwenye gurudwara yao, hekalu la Masingasinga, nikaketi chini na kula dengu na watu nisiowajua. Sikuwaambia mimi ni nani. Ningesema nini, kwamba alinimwagia chai?

Sasa tuje kwa mashabiki.

Mashabiki wa Korongo zamani walikuwa wake wa wachezaji na mbwa wawili. Kisha akatokea Espoir. Mama yake ametoka Uvira, anakaa hapo hapo Nechells, tunasali kanisa moja. Espoir alikuwa mrefu, na akiruka unadhani kuna mtu amemnyanyua. Alidaka mipira juu ya vichwa vya watu wazima. Jumamosi moja mama yake alikuja kumtazama na chombo cha mikate ya mafuta, Jumamosi iliyofuata akaja Deo, na baada ya Deo hakukuwa na utulivu tena.

Deo ni mtu wa Bukavu, anaendesha forklift kwenye ghala jirani. Hajapiga mpira wowote maishani mwake, wa mviringo wala wa yai, lakini ukimsikia utadhani ndiye aliyeandika sheria. Tukamwita Profesa. Mimi ndiye niliyeanza kumwita hivyo, na sikuwa namsifu. Yeye akaniita Papa Majani. Mwenzake wa kubishana alikuwa Njoroge, dereva wa basi, aliyecheza raga Kenya ujanani na anayekukumbusha hilo kila baada ya dakika tano.

Wanasimama kwenye kamba, mikate mkononi, na kesi inaanza.

"Unaona ile kijana ya namba tano?" Deo atasema. "Anakimbia bule. Ni ya kukaa nyuma, alafu mpira unatoka pembeni, pa! Ni tactique, papa."

"Nyuma ya nani, Deo? Hapa hakuna offside. Umeambiwa mara ngapi?"

"Sijasema offside. Nimesema position."

"Position yako wewe ni hapo karibu na mikate," Njoroge anamaliza, na Mama Espoir anavuta chombo chake mbali na wote wawili.

"Acheni kelele. Mbona wanamupa mtoto wangu mipira ya chini? Yeye ni wa juu! Kocha haoni?"

Yule mama asiyejua hata jina la timu pinzani ndiye pekee aliyekuwa akiuona mchezo. Hilo nalisema wazi. Wengine walikuwa wakisikiliza sauti zao.

Mchezo huu una desturi moja ambayo sijaiona kwenye mpira mwingine hapa Uingereza. Robo ikiisha, mashabiki wanaruhusiwa kuingia uwanjani. Wanavuka kamba, wanawazunguka wachezaji, wanasimama duara na kumsikiliza kocha akipanga. Kwenye soka ungekamatwa. Mimi niliichukia desturi hiyo, mjue. Watu wazima, watoto, mbwa, viatu vya visigino, wote juu ya nyasi zangu mara tatu kila mechi. Lakini nilikuwa naingia nao, nikiwa na uma wangu, kurudishia vipande vilivyochimbuliwa. Kwa hiyo kila kilichosemwa kwenye duara nilikisikia. Asije mtu akanidanganya.

Fainali ile mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Ijumaa nilichoma uma kona ya chini na maji yakapanda mpaka kwenye mpini. Nikamwita Darren, kocha. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu hiki hiki, niruhusu nisogeze mstari ndani hatua sita, niikate kona yote ibaki nje ya mchezo. Sheria zinaruhusu, uwanja wa mchezo huu hauna kipimo kimoja. Darren alikuwa na ubao wake wa sumaku wa kupangia wachezaji, vidude vyekundu na vya bluu. Akasema hapana, upande ule Espoir huupenda, hawezi kumpunguzia nafasi kwenye fainali. Akagonga ubao kwa kidole. "Just put some sand on it, mate."

Mtu anakutazama, una uma unaochuruzika maji mkononi, naye anakuonyesha sumaku.

Nikamwaga mchanga. Nikauweka vizuri, nikausawazisha kwa reki, kwa sababu kazi yangu sijui kuifanya vibaya. Nikaizungushia kamba na vijiti. Jumamosi kabla ya filimbi waamuzi wakaiondoa kamba, na ni haki yao, huwezi kuacha vijiti ndani ya uwanja watu wakichomwa. Kona ikabaki na mchanga wake mtupu, wa manjano, umetulia kama biskuti. Ukiutazama kutoka mbali ungesema hapo ndipo mahali pakavu kuliko pote Birmingham.

Robo tatu zikapita. Sitawachosha. Korongo walianza vizuri wakipitia katikati, halafu wenzao wakashtuka wakawabana, na robo ya tatu ilipoisha tulikuwa nyuma kwa alama tano. Piga moja katikati ya nguzo ndefu, umeshinda. Robo ya mwisho tulikuwa tunashambulia upande wa ghala.

Tukaingia uwanjani, duara likafungwa. Darren ana ubao. Anasema wapinzani wameiacha kona ya chini wazi, hakuna anayelinda, Espoir akajifiche huko, mipira yote mirefu imfuate. Nilitaka kucheka. Wameiacha wazi! Mlinzi wao aliingia mle robo ya pili akatoka amepakwa tope mpaka kiunoni, ndiyo maana wameiacha. Profesa wetu naye amekunja mikono, anatikisa kichwa kama aliyepanga yeye.

"Voilà! Nilisema ni pembeni! Tangu asubuhi nasema!"

"Umesema pembeni, katikati, na nyuma," Njoroge akamwambia. "Moja lazima ingekuwa kweli."

"Na wewe, Papa Majani," Deo akanigeukia, watu wote wakisikia, "leo acha uma, utatuchoma miguu. Hapa tunapanga mambo ya watu wenye akili."

Watu wakacheka. Mama Espoir hakucheka. Yeye akauliza, kona ile imekauka? Deo akamjibu haraka: "Iko kavu, mama. Si unaona mchanga?"

Filimbi ikalia. Tukatoka.

Dakika za mwisho mpira mrefu ukaja. Espoir akaruka ukingoni mwa ule mchanga, na wallahi aliudaka vizuri kuliko siku zote, mikono yote miwili, juu kabisa. Alikuwa ameushinda mchezo akiwa hewani. Kisha akashuka. Mguu wa kushoto ukaingia kwenye mchanga, ukapita mchanga, ukashikwa na udongo, na mwili ukaendelea kugeuka. Mimi nilikuwa kwenye kamba. Nilisikia goti.

Mpira hakuuachia mpaka walipomchukua kwenye machela. Mwenzake akapiga badala yake, mpira ukapita pembeni, alama moja ya kukufariji. Tukashindwa kwa alama nne.

Goti lilipasuliwa. Sasa anatembea, anafanya kazi, ana gari. Hajacheza tena.

Na hapo ndipo wale wazungumzaji walipoanza kazi yao hasa. Kwenye kundi letu la WhatsApp Deo alituma sauti ya dakika saba. Timu ilikuwa nzuri, mbinu ilikuwa nzuri, kocha alisoma mchezo, lakini "terrain ndiyo ilitumaliza", yaani uwanja. Darren naye aliandika barua kwa wakubwa wangu. Wakaniita wakaniuliza kama nilimwaga mchanga, nikasema ndiyo, wakafunga faili. Kwao ikaisha. Kwenye kamba haikuisha. Kila Jumamosi, miaka mitatu, nikisukuma mashine ya mistari napita nyuma yao nasikia: kama si uwanja, kama si ile kona, kama angekuwepo mtunza uwanja wa kweli. Hawanitukani. Wananyamaza nikikaribia, na hiyo ni mbaya zaidi.

Sasa mnajua. Darren alikataa kusogeza mstari, akaamini sumaku. Deo alisema kavu bila kugusa ardhi. Hayo nilikuwa nimeyabeba tayari kama kisu mfukoni, nikisubiri siku.

Siku ikafika kwenye chai yenu ya kuniaga bandani, mlikuwepo wote wawili. Mliona Deo alivyosimama na kikombe. Mliona alivyoweka mkono kifuani.

"Papa Riziki," akasema, maana siku hiyo sikuwa Papa Majani, "umetumika mingi. Na leo, mbele ya watu, mambo ya fainali ile, sisi tumekusamehe."

Nilisimama mpaka mgongo ukalia. Mlinisikia. Nisamehewe nini? Nani aliyekataa mstari? Nani aliyesema kavu mbele ya watu wote? Nilimtaja Darren, ambaye hakuwepo, na nikamtaja Deo, ambaye alikuwepo na mkate mdomoni. Nikawaambia miaka mitatu mmelichukua goti la kijana yule mkalifanya hadithi ya uwanja ili msiwe na aibu. Njoroge akatazama chini. Deo akasema, "Mais papa," akaishia hapo, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikosa maneno. Nilijisikia vizuri. Nakiri.

Ndipo Mama Espoir, aliyekuwa anapanga vikombe, akasema bila kunyanyua sauti. Nyinyi mlikuwa mlangoni, sijui kama mlimsikia.

"Papa Riziki. Siku ile mimi sikumuuliza Deo."

Nikamgeukia.

"Deo hajui kitu, kila mtu anajua Deo hajui kitu. Wewe ulikuwa na uma mkononi. Nilikuuliza wewe. Nikasema, Papa Riziki, kona ile imekauka? Ukasema, 'Muulize Deo, si ndiye profesa.'"

Ni kweli. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Walikuwa wamenicheka, nikaumia, nikataka Profesa ajibu mwenyewe, aaibike mwenyewe. Maji niliyajua tangu Ijumaa. Kocha alikuwa hatua mbili, kijana yuko hapo anakunywa maji, mama yake ananitazama, nami nikamwachia Deo swali langu. Tangu siku ile nimelisimulia jambo hili kwa watu wengi, na kila mara nimeanzia pale Deo anapojibu.

Darren bado ana kosa. Hilo silifuti. Deo naye asifikiri amepona. Lakini majina ni matatu.

Nilichukua uma nyuma ya mlango nikatoka. Mliona mkadhani nimekasirika. Nilikwenda mpaka kona ya chini, mwendo wa dakika moja uliochukua tano kwa mgongo huu, nikachoma, nikakanyaga, nikalalia, nikachomoa. Nikasubiri. Nikarudi bandani na tope likidondoka kwenye sakafu mliyotoka kuifagia, nikausimamisha uma mbele yake, aone meno yote manne.

"Haijakauka, mama."

Akagusa jino moja kwa kidole, akajifuta kwenye kitenge.

"Asante," akasema. "Sasa kaa ule."

Uma nimeuacha nyuma ya mlango. Mpini una ufa mdogo, ufungeni kamba msije mkajichoma. Na kila asubuhi mmoja wenu amuulize mwenzake juu ya kona ya chini, na anayeulizwa asijibu akiwa amekaa.